Ile "Ya" Niliyoisahihisha

Nilifeli baiokemia. Nalitanguliza hilo kwa sababu siku mliponiaga kwa keki na hotuba mlisema mengi mazuri juu yangu, mengine hata mimi nilikuwa siyajui, na hilo hakuna aliyeligusa. Sasa nimestaafu, hakuna wa kuniandikia barua ya onyo, na mmenisumbua vya kutosha kwenye lile kundi letu la simu niwaandikie "kitu cha kuwasaidia vijana". Vyeo sitavitaja; vilikuja kwa kuchelewa kama gari la Hola wakati wa mvua. Mshahara ndio kabisa. Nitawasimulia nilivyofeli, na jinsi mtoto mmoja alivyokaribia kufa kwa sababu mimi nilikuwa najua Kiswahili vizuri.

Nilizaliwa chini ya Garsen, katika kijiji cha Wapokomo ambako mto Tana ukipenda unalima nawe, na usipopenda unakulima wewe. Nilipopata nafasi ya kusomea udaktari Nairobi, waumini wa kanisa letu walinisindikiza mpaka Garsen kwa nyimbo. Siku ya kwanza ya baiokemia nilikaa mstari wa mbele kabisa. Profesa alikuwa mtu mwembamba mwenye sauti ya chini. Aliingia bila salamu, akachora duara ubaoni, akaanza kulizunguka: asidi hii inakuwa ile, ile inapoteza kaboni, inazaa nyingine, hata akarudi pale alipoanzia. Akapangusa chaki mikononi na kutoka. Nilimwuliza jirani yangu, "Sasa ametufikisha wapi?" Akasema, "Pale pale."

Swali langu lilikuwa moja tu, nalo lilinikera kama mwiba wa samaki kooni: ni nani aliyekwenda kuona? Hakuna mtu aliyewahi kupasua ini akakuta mishale na vibao vya majina. Walijuaje? Badala ya kuuliza, nikakariri. Nyumbani nilikuwa na sifa ya kukariri zaburi, basi nikaikariri safari ya glukosi hatua kwa hatua kama zaburi, na vimeng'enya vyake vyote, vile vinavyosukuma kila hatua, nikitembea bwenini asubuhi na kitambaa kichwani. Wenzangu wakaniita Mchungaji.

Mtihani haukuniuliza zaburi. Uliuliza: mtu ambaye hajala kwa siku tatu anaendeleaje kuishi, na kwa nini? Nikaandika hatua zote za glukosi kwa mwandiko mzuri sana, nikapiga mistari kwa rula. Profesa aliandika pembeni kwa kalamu nyekundu: "Huyu mtu hana glukosi. Hiyo ndiyo shida yake."

Nikapewa mtihani wa marudio, tuliouita sapu, baada ya wiki kumi. Ukianguka sapu, unafunga sanduku unakwenda kwenu na hurudi tena. Kanisa lililonisindikiza lilikuwa na nyimbo za kwenda. Sikujua kama lilikuwa na wimbo wowote wa kurudi. Niliogopa mno, na sikumwambia mtu. Nyumbani nilisema tumepewa likizo ndefu ya kufanya mazoezi hospitalini, jambo ambalo lilikuwa kweli upande mmoja, kama embe lililoiva upande wa jua tu.

Nilikuja na chati ya njia zote za umetaboli, yaani jinsi mwili unavyokivunja chakula na kukigeuza, kubwa kama shuka. Niliitundika ukutani kwa mama. Mama aliikagua kwa muda, mikono kiunoni.

"Hii ni ramani ya wapi?"

"Ya ndani ya mwili, mama."

"Barabara zote hizi?" Akaisogelea. "Na mtu akipotea humu, anauliza nani?"

Hakujua kwamba aliyepotea alikuwa anakula wali wake kila siku.

Hospitali niliyokwenda kujitolea ilikuwa ndogo, ya huko huko mtoni. Sitaitaja jina, maana waliokuwamo walifanya kazi nzuri kuliko vifaa walivyokuwa navyo, na kosa nitakalolisimulia lilikuwa langu. Maabara ilikuwa chumba kimoja chenye hadubini moja, taa ya spiriti, neli za kioo kama kumi hivi na mtu mmoja: Bwana Shee, mzaliwa wa Kipini, mfupi, mwenye kofia ya vito, ya kudariziwa kwa mkono, iliyofuliwa mpaka ikakaribia kuwa ngozi yake. Kazi yake ilikuwa kupima damu, mkojo, choo na makohozi. Aliifanya kwa adabu, kana kwamba kila neli imeletwa na mgeni.

Siku ya kwanza alinikuta nikinong'ona majina ya vimeng'enya dirishani.

"Mwanangu, wasoma dua gani?"

Nikamwambia ukweli wote. Sijui kwa nini yeye na si mama. Labda kwa sababu hakuacha kuosha neli nilipokuwa nikisema. Alipomaliza akauliza kama nina hiyo karatasi, na kesho yake nikaja na chati. Tukaitandika juu ya meza. Bwana Shee hakuwa amesoma chuo kikuu, lakini aliitazama kwa hamu ya mtu aliyeletewa barua kutoka kwa ndugu wa mbali.

"Usinambie kimeng'enya hiki chafanya nini," alisema. "Hilo limeandikwa. Nambie kikikosekana, ni nini kitakachorundikana? Na kitatokea wapi, kwenye mkojo, kwenye choo, au kwenye pumzi? Mimi hapa nangojea kwenye mlango wa nyuma. Nambie ni nani atakayetoka."

Hapo ndipo nilipoanza kusoma baiokemia. Kila siku mshale mmoja. Nilikuwa nauziba kwa kidole, kisha nakisia mafuriko yatafika wapi. Na mtu wa Tana akiambiwa mafuriko haelezwi mara mbili. Mara nyingi nilikosea. Alicheka, akasema, "Ziba tena." Swali langu la ni nani aliyekwenda kuona lilipata jibu humo humo: hakuna aliyeingia, walikaa mlango wa nyuma kama Bwana Shee, wakahesabu wanaotoka.

Alinionyesha pia ile dawa ya buluu ya kupimia sukari. Unaweka matone machache ya mkojo ndani ya neli, unaongeza dawa, unachemsha juu ya spiriti huku mdomo wa neli ukiuelekeza mbali na watu unaowapenda. Ikibaki buluu, hakuna sukari. Kijani, kidogo. Njano, nyingi. Ikifika rangi ya tofali, mwite daktari. "Mayi hayaongopi," alisema. Kwao Kipini maji ni mayi, na sikumsahihisha. Kwa Bwana Shee nilijua kwamba mgeni wa lugha ni mimi.

Asubuhi nilikuwa maabara, mchana wodini. Afisa wa tiba, ambaye kila mtu alimwita daktari kwa kuwa hakukuwa na mwingine, aliupenda mwandiko wangu. Akanipa kazi ya kuwapokea kina mama na kuandika maelezo yao kwenye faili. Nilijivuna. Nilikuwa nimepata alama ya juu kabisa ya Kiswahili katika shule yetu, na hapo wodini palikuwa na lugha nne, kila moja ikikiazima Kiswahili na kukirudisha kimechanika. Nilijiona fundi cherehani.

Ndipo akaja Habiba. Alikuwa Mworma, mrefu, mwenye umri kama wangu, amefika kwa miguu kutoka upande wa malisho. Mgongoni alimbeba mwanawe Barisa, mwenye mwaka mmoja na miezi kadhaa. Mtoto alikuwa na macho yaliyoingia ndani na matako yenye vidonda vyekundu. Habiba alikuwa mjamzito tena na maziwa yake ya kifuani yalikuwa yamekauka. Nilimkaribisha kwa kikombe cha maziwa ya jikoni kwa ajili ya mtoto, nikafungua faili.

"Mtoto ana shida gani, mama?"

"Nahara. Wiki tatu. Sasa maji tu."

"Maziwa anakunywa?"

Akakisogeza kikombe pembeni. "Hii hapana. Mtoto nataka ya kulala."

Nikaandika: Hanywi maziwa. Anataka kulala wakati wote. Ile "ya" niliiacha, kwa sababu niliona ni katika vile vineno ambavyo watu waliojifunza Kiswahili ukubwani huvitupa popote. "Wakati wote" niliiongeza mwenyewe. Sentensi ilikuwa fupi mno bila hiyo.

Afisa wa tiba akasoma. Mtoto mdogo, amekonda, hanywi, analala wakati wote: alihofu sukari ya damu imeshuka. Vijiti vya kuipimia damu vilikuwa vimekwisha. Kwa yale niliyomwandikia, alifanya sawasawa. Aliagiza maji ya chumvi na sukari, na maziwa kila saa mbili, na mtoto akikataa apitishiwe mrija puani.

Mtoto alikataa. Mrija ukapita. Kila maziwa yalipoingia, tumbo la Barisa lilivimba kama ngoma, kisha akahara povu lenye harufu ya uchachu. Siku ya pili alikuwa mwepesi kuliko siku ya kwanza. Siku ya tatu nilipombana ngozi ya tumbo, ilisimama hivyo hivyo nilivyoibana, kwa kuishiwa maji.

Habiba aliacha kuzungumza nasi. Kabla ya mrija alikuwa akipewa kikombe ajaribu kumnywesha, anakipokea, na tukigeuka, kikombe ni kitupu na mtoto mdomo mkavu. Siku hiyo ya tatu muuguzi aliinama kufagia, akakuta kibuyu chini ya kitanda. Ndani mlikuwa na maziwa yetu, yameganda.

"Mwaona? Anamnyima mtoto, anayaficha mpaka yanaharibika!"

Muuguzi akayamwaga kwenye karo. Habiba hakulia. Alikitazama kibuyu kikimwagwa, kisha akanitazama mimi. Nami nilisema moyoni, na baadaye kwa sauti nje ya mlango, kwamba hawa watu ni wakaidi. Kwetu na kwao kuna maneno ya zamani juu ya mashamba na ng'ombe, na mtu akishakuwa na maneno ya zamani hahitaji kusikiliza mapya. Naona aibu kuliandika hili, lakini nililisema.

Jioni hiyo Bwana Shee alikuwa na sampuli ya choo cha Barisa. Alikuwa ameiangalia kwenye hadubini, hakuona mdudu. Akaniambia, "Ndoo," yaani njoo kwa lahaja yao. "Leo utapima wewe." Akaniamuru nichukue yale maji ya juu ya choo, nitie dawa ya buluu.

"Lakini dawa hii ni ya mkojo."

"Dawa haijui. Chemsha."

Nikachemsha. Buluu ikawa kijani, kijani ikawa njano, na kabla sijavuta pumzi, neli ikageuka rangi ya tofali. Alichukua kipande cha karatasi ya litmasi, akakichovya kwenye choo, kikawa chekundu. Asidi.

"Sukari ya mezani, hii mumtiliayo kwenye maji ya chumvi, haiigeuzi dawa hii," alisema. "Haya. Nani huyu aliyetoka mlango wa nyuma?"

Nilisimama mbele ya chati. Nakiri kwamba nilichokihisi hakikuwa huruma peke yake. Ilikuwa furaha ya kuona ramani imepata mji. Sukari ya maziwa ni laktosi. Laktosi ni sukari mbili zilizoshikana mikono, na zikishikana hivyo hazipiti kwenye ukuta wa utumbo. Kimeng'enya laktesi ndicho kinachoziachanisha. Nikakiziba kwa kidole. Laktosi inabaki, inateremka, inavuta maji, bakteria wa chini wanaila na kutoa hewa na asidi. Povu. Tumbo kama ngoma. Vidonda vya matako.

Kisha nikakiondoa kidole. "Haiwezekani, Bwana Shee. Kitabu kinasema wafugaji wana laktesi mpaka uzeeni. Ni sisi wakulima ambao hatuna. Mimi nikinywa kikombe cha maziwa mabichi, tumbo linahubiri."

"Alikuwa nayo," alisema Bwana Shee. "Yakaa wapi, hiyo laktesi?"

Nilijua. Kwenye ncha za vile vinyweleo vya ukuta wa utumbo, juu kabisa.

"Na ng'ombe wakiingia shambani mwenu, waanza kula wapi?"

Juu. Kuhara kwa wiki tatu kulikuwa kumezila ncha. Mizizi ilikuwapo na ingemea tena, ila sisi kila saa mbili tulikuwa tunamwagia mtoto kitu kile kile ambacho kwa siku hizo hakuweza kukimeng'enya. Nikauliza tutampa nini, maana mji wenye maziwa ya unga yasiyo na laktosi ulikuwa mbali kwa siku nzima ya safari, na Barisa hakuwa na siku nyingi.

"Mamake asemaje?" akauliza.

Nikamsomea faili. Hanywi maziwa. Anataka kulala wakati wote.

"Ndivyo alivyosema?"

"Alisema, 'Mtoto nataka ya kulala.' Nilimsahihishia tu Kiswahili."

Bwana Shee akaweka neli chini polepole. "'Ya' kulala," alisema. "Ya nini?"

Nje kuku walikuwa wakipanda mtini kulala.

"Mwanangu, kitu gani hapa duniani ni 'ya' na hulala?"

Nilikimbia. Sijawahi kukimbia hospitalini tangu siku ile, na nyinyi msikimbie, sakafu zinateleza. Habiba alikuwa amekaa na mtoto mapajani, mrija umebandikwa shavuni. Nilipiga magoti mbele yake na kuuliza, "Mama, ile siku ya kwanza, ulisema ya kulala. Maziwa? Maziwa ya kulala?"

Alinitazama kama anayepima kama nafaa kujibiwa.

"Maziwa hii nataka kulala kwanza. Siku moja, siku mbili. Ikilala, tumbo ya mtoto nalala. Hii mbichi nakula mtoto." Kisha akasema, bila kupandisha sauti, maneno ambayo nimeyabeba miaka yangu yote ya kazi. "Mimi nasema wewe siku ya kwanza. Wewe naandika."

Maziwa yakilala, bakteria wao hawalali. Wanaila laktosi usiku kucha na kuigeuza asidi, wanafanya nje ya mtoto kazi ile ambayo ndani yake ilikuwa imekatika. Habiba hakuwa na chati. Alikuwa na kibuyu, nasi tulikimwaga.

Nilikwenda kwa afisa wa tiba na neli mkononi nikamweleza yote, pamoja na "wakati wote" yangu. Nilidhani atanifukuza. Aliitazama ile rangi ya tofali kwa muda, akasema, "Wewe utafeli tena kama utaendelea kuandika hadithi." Hapo nikagundua kwamba Bwana Shee alikuwa amemwambia habari ya sapu. Kisha akachomoa mrija mwenyewe.

Haikuwa rahisi namna mnavyofikiri. Afisa hakutaka maziwa mabichi ya kibuyu, kwa kuhofia ugonjwa wa kutupa mimba wa ng'ombe, unaompata mtu kwa maziwa, na Habiba hakuona sababu ya kuchemsha kitu ambacho Mungu amekileta kikiwa moto tayari. Tulibishana kwa lugha tatu. Mwisho tukakubaliana: yachemshwe, yapoe, atie kijiko cha maziwa yaliyolala kutoka kwa dada yake aliyekuwa sokoni Garsen, kisha yalale. Katika kuyangoja, mtoto akapewa maji ya chumvi na sukari na uji mwepesi wa mchele. Mchele niliutoa nyumbani, wa shamba letu. Mama aliuliza ni wa nani. Nikamwambia. Akaongeza kipimo kimoja.

Kila asubuhi nilipima choo cha Barisa. Siku ya kwanza tofali. Siku ya pili njano. Siku ya tatu nilichemsha neli mpaka Bwana Shee akaniambia nimemaliza spiriti, na ilikuwa kijani, kijani cha jani la mgomba. Siku ya tano ilibaki buluu. Niliishika dirishani, nikalia mbele ya choo cha mtoto wa watu. Barisa siku hiyo alimng'ata muuguzi kidole, na wodi nzima ikafurahi isipokuwa muuguzi.

Siku waliyoruhusiwa ilikuwa pia siku yangu ya kurudi Nairobi, na Habiba aliniita nje. Alikuwa na kibuyu. Alinimiminia kikombe, kimejaa mpaka juu, maziwa mazito yenye harufu ya moshi. Nikaliwaza tumbo langu, na gari la mchana nililopaswa kulipanda, na choo cha stendi ya Garsen.

"Asante mama, leo nimefunga."

"Wewe Mpokomo. Wewe kanisa. Mwezi naisha zamani." Akakisogeza kikombe. "Wewe nafunga nini?"

Kuyakataa maziwa ya mtu kama yule, baada ya yale niliyomfanyia, ingekuwa kumwaga kibuyu mara ya pili. Nikanywa yote. Nikarudi maabara, nikakaa kwenye kiti nikiwa nimeshika tumbo, macho kwenye saa ya ukutani. Bwana Shee naye akakaa. Ikapita nusu saa. Ikapita saa nzima. Kwa mara ya kwanza maishani mwangu nilikuwa nimekunywa maziwa kikombe kizima, na tumbo lilikuwa kimya.

"Yamelala," alisema Bwana Shee.

Kwenye sapu kulikuwa na sehemu ya kuhojiwa kwa mdomo. Profesa alinitazama kwa huzuni ya mtu anayejua mwisho wa hadithi. Akaniambia nichague kimeng'enya chochote nikieleze. Nikasema sitaki kukieleza, nataka kukiondoa, kisha nimwambie ni nani atakayetoka mlango wa nyuma. Aliacha kuandika. Nilizungumza mpaka mtahini wa pili akaangalia saa. Mwishoni profesa aliniuliza nimesoma wapi haya. Nikasema kwa mpima choo mmoja wa Kipini na kwa mama mmoja asiyejua kusoma. Nilipita. Alama zenyewe hazikuwa za kusimuliwa.

Yaliyofuata mnayajua, mlikuwa nami katika mengi. Hola, kisha Garsen, mafuriko yaliyotuhamishia wodi kwenye darasa la shule, miaka ya ukame, kipindupindu. Bwana Shee alifariki kwao Kipini nikiwa daktari wa mwaka wa pili. Niliwahi mazishi, na nilipata moja ya zile neli, yenye ufa mdomoni. Vyombo vimebadilika. Siku hizi mnatoboa kidole, mashine inapiga kelele, jibu limekuja kabla mgonjwa hajasema alikotoka. Sivichukii vyombo hivyo. Ninachokichukia ni kile kisanduku cha kompyuta chenye maneno manne, ambamo mnambana mtu mzima na maumivu yake ya miaka mitatu.

Mmekuwa mkinicheka kwa kuandika maneno ya wagonjwa kama yalivyo, na "ya" zao na "na" zao zisizo mahali pake. Mzee mmoja wa Kipini aliniambia, "Daktari, sisimizi wanipenda, nikikojoa wanakuja mkutanoni." Niliandika hivyo hivyo. Ilikuwa sukari, na ilikuwa ya juu. Mwenzangu alikuwa amemwandikia, "Analalamika juu ya wadudu." Kwa hiyo wosia, kama lazima muwe nao, ni huu: mtu akisema neno lisiloingia katika sentensi yako, usilifute neno. Fumua sentensi.

Siku yangu ya mwisho wodini, daktari mwanagenzi, binti aitwaye Kanze, alinisomea mgonjwa wa kitanda cha dirishani: mtoto wa mwaka mmoja, homa imeshuka, mama yake Mworma. "Mama anasema hajalala tangu jana," alisoma.

Nikasimama. "Nani hajalala?"

"Mtoto, Daktari." Akanitazama kwa wasiwasi. Najua walikuwa wakisema kwamba nimeanza kuzeeka.

Nikamwendea mama. Nikakaa kitandani kwake, nikauliza, "Mama, ni nani hajalala? Mtoto, au maziwa?"

Alinikazia macho, kisha akacheka mpaka akaziba uso kwa ushungi.

"Mtoto, Daktari! Maziwa iko nyumbani, nalala tangu juzi. Sasa mtoto hapana lala, mimi hapana lala, na wewe nakuja kuuliza habari ya maziwa."

Kanze akacheka, na mimi nikacheka. Kisha nikaomba faili, nikayaandika maneno yake yote, na kila "na" na "hapana" mahali alipoiweka, nikayasoma tena kwa sauti, naye akaitikia kwamba ndivyo alivyosema. Nikafunika kalamu.